Kuwafundisha watoto haiku: miguu kwanza, mizani baadaye

Haiku ni shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu, yenye mizani (silabi) 5, 7 na 5. Ukianza kwa kuandika 5-7-5 ubaoni, utapata darasa zima linalohesabu vidole na hakuna hata mmoja anayetazama kitu. Hesabu ya haiku ni nyepesi, na kwa mtoto anayesema Kiswahili ni nyepesi zaidi, kwa hiyo inaweza kusubiri. Kitakachotangulia ni mtu aliyekuwa akitembea: mshairi Matsuo Bashō, aliyezaliwa 1644 Ueno, katika jimbo la Iga nchini Japani, na kufariki Osaka mwaka 1694 akiwa bado njiani.

Mpango huu unafaa watoto wa miaka 8 hadi 12. Kundi zuri ni la watoto 12. Wakizidi 18 matembezi yanageuka maandamano. Tenga vikao vinne, cha mwisho saa nzima na vingine dakika 45, pamoja na matembezi ya saa moja na nusu. Usivibane vyote katika siku moja, maana kati ya kuona na kuandika panahitajika walau usiku mmoja.

Kikao cha kwanza: jani la mgomba

Njoo na jani la mgomba, na likiwa limechanwachanwa na upepo ndiyo vizuri zaidi. Waulize watoto mgomba una kazi gani. Watakutajia ndizi, sahani, kufungia vyakula, kuezekea, kulisha mifugo. Waache wamalize, kisha waambie kwamba kulikuwa na mzee wa Kijapani aliyependa mgomba kwa sababu haukuwa na faida yoyote.

Maana "bashō" ni mgomba. Mwaka 1680 mshairi huyu alihama katikati ya jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, akakaa katika kibanda huko Fukagawa, ng'ambo ya Mto Sumida. Mwaka uliofuata mwanafunzi wake Rika alimletea mche wa mgomba. Ule si mgomba wetu. Ni aina inayostahimili baridi, na matunda yake hayaliki. Ulikua, watu wakaanza kukiita kile kibanda cha mgomba, naye mwenyewe akachukua jina hilo. Aliandika kwamba alichopenda ni majani yake, yanayochanika kirahisi upepo unapovuma. Shairi lake moja la siku hizo linasema hivi, kwa tafsiri huru: mgomba unapigwa na tufani, na usiku kucha nasikiliza mvua ikidondoka katika beseni.

Soma mara mbili, polepole, kisha nyamaza. Usiulize "mshairi anataka kutufundisha nini?" Swali hilo ni zuri kwa utenzi, ila haiku linaiua. Uliza: beseni liko ndani au nje? Kwa nini liwekwe hapo? Mtoto aliyewahi kulala chini ya paa linalovuja atajibu mbele ya wengine wote.

Kile kibanda kiliungua mwishoni mwa 1682, moto mkubwa ulipopita Edo. Wanafunzi wake walimjengea kingine, lakini kuanzia 1684 alikuwa mtu wa safari. Jani libaki mezani mpaka vikao viishe. Litanyauka, na watoto wataliona likinyauka.

Mfuko wa msafiri

Bado uko kikao cha kwanza. Chukua mfuko mtupu na uwaulize watoto wangebeba nini kwa safari ya miezi mitano kwa miguu. Orodha yao ikishafika vitu ishirini, toa ya Bashō. Alipoondoka Edo tarehe 16 Mei 1689 pamoja na mwenzake Kawai Sora, alibeba koti la karatasi la kujikinga na baridi ya usiku, vazi jepesi la pamba, vazi la mvua, wino na brashi, pamoja na zawadi za kuagwa ambazo aliona haya kuzitupa. Analalamika waziwazi kwamba mzigo unamuumiza mabega. Koti la karatasi si mzaha: Wajapani walitengeneza karatasi imara ya nyuzi za mti, wakaipaka utomvu wa tunda ili isipenye maji, wakaishona nguo.

Safari hiyo ndiyo iliyomo katika kitabu chake *Oku no Hosomichi*, maana yake njia nyembamba ya kuelekea bara la ndani. Kwa jumla ilikuwa takriban kilomita 2,400 kwa siku kama 150. Wape watoto wagawe: watapata kilomita 16 kwa siku. Kisha waambie kwamba pengine alikaa mahali pamoja karibu wiki mbili, kwa hiyo siku za kutembea zilikuwa ndefu kuliko hizo 16. Chagua mahali wanapopajua palipo umbali huo, uwaonyeshe kwenye ramani.

Visa viwili kutoka katika kitabu hicho huwapata watoto kila mara. Katika tambarare ya Nasu, Bashō na Sora walipotea njia, mkulima akawaazima farasi na kusema: anaijua njia, akisimama mrudisheni. Watoto wawili wakakimbia nyuma ya farasi, mmoja msichana aitwaye Kasane. Walipofika kijijini, Bashō alifunga malipo kwenye tandiko, akamwachia farasi arudi peke yake. Kisa cha pili ni cha usiku alipolala milimani huku mvua na upepo vikiwazuia kuondoka:

*Viroboto, chawa;*
*farasi akojoa*
*kwenye mchago.*

Watacheka, na waache wacheke, kwa sababu hapo ndipo wanapogundua kwamba ushairi huu haubagui vitu. Tumetumia "mchago", yaani upande wa kichwa kitandani, kwa makusudi. Ukisema "kando ya mto" hesabu inatimia, lakini nusu ya darasa itamwona farasi ukingoni mwa maji.

Hapa kuna kosa ambalo hata watu wazima hulifanya: kumfanya Bashō ombaomba mwenye huzuni, au mtalii. Hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa mwalimu wa ushairi wa kupokezana. Alifikia kwa wafanyabiashara, wapiganaji na mapadri wa Kibudha waliopenda fani hiyo. Huko Obanazawa, kwa mfano, mwenyeji wake Seifū alikuwa mfanyabiashara wa maua ya kutia rangi. Jioni watu wakakaa pamoja, mgeni akafungua kwa beti ya mizani 5-7-5, mwenyeji akajibu kwa 7-7, na wengine wakaendeleza hadi beti 36. Ile beti ya ufunguzi, *hokku*, ndiyo baadaye ilijitegemea. Jina "haiku" limezoeleka kutokana na mshairi Masaoka Shiki, mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto aliyesikia malenga wakijibizana hatahitaji maelezo marefu hapa.

Kikao cha pili: masikio na makofi

Andika haya ubaoni bila tafsiri:

*furuike ya*
*kawazu tobikomu*
*mizu no oto*

Watoto wayasome kama wanavyosoma Kiswahili. Irabu za Kijapani ni zilezile tano, na silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo matamshi yatakaribia sana. Piga kofi moja kwa kila silabi: fu-ru-i-ke-ya, ka-wa-zu-to-bi-ko-mu, mi-zu-no-o-to. Makofi 5, 7, 5. Hawajaambiwa kanuni, ila mikono tayari inaijua.

Sasa ndiyo uitaje kanuni, na neno lake walishalisikia: mizani. Tofauti na shairi la mizani 8 na 8 ni kwamba hapa hakuna vina kabisa. Mtoto hodari wa mashairi ya shule atatia vina bila kujua, na mistari mitatu yenye mwisho mmoja itasikika kama wimbo wa kuruka kamba.

Hesabu ina mitego michache. Kwa Kijapani, irabu ndefu ni mbili: Bashō ni makofi matatu, ba-sho-o. Herufi *n* inayofunga silabi ina kofi lake. Sisi pia tuna *m* na *n* zinazojitegemea: mtu ni m-tu, nchi ni n-chi, mtoto ni m-to-to. Lakini ndizi ni ndi-zi, na mvua ni mvu-a, makofi mawili, ingawa watoto wengi watapiga matatu. Wakibishana, waache walitamke neno polepole huku mkono uko chini ya kidevu. Kubishana juu ya mvua kwa dakika tano si hasara.

Tafsiri ifuate mwishoni:

*Bwawa la kale;*
*chura anajitosa,*
*maji yalia.*

Shairi hili ni la 1686. Chora mstari ubaoni baada ya "kale". Huo ndio mkato. Katika Kijapani unabebwa na neno dogo *ya*, lisilo na maana nyingine zaidi ya kumsimamisha msikilizaji. Sisi tutatumia alama: nukta mkato, kistari, nukta pacha. Upande mmoja kuna kitu kilichopo, bwawa. Upande wa pili kuna jambo linalotokea. Haiku ya mtoto inahitaji mkato mmoja. Bila mkato inakuwa sentensi iliyokatwakatwa, na mikato miwili huifanya orodha ya sokoni.

Kwa watoto wadogo zaidi mlete Kobayashi Issa (1763–1827), aliyefiwa na mama akiwa mdogo mno na ambaye alizungumza na wadudu kama jirani zake. Aliwahi kutazama vyura wakipigana:

*Chura dhaifu,*
*usikubali, kaza:*
*Issa yu hapa!*

Na nzi aliyekuwa karibu kupigwa:

*Usimpige!*
*Nzi anasugua*
*mikono, nyayo.*

Yupo pia Chiyo-ni (1703–1775), mwanamke mshairi aliyekuta ua linalotambaa limeizunguka ndoo ya kisima, akaenda kuomba maji kwa jirani badala ya kulikata. Mtoto anayeteka maji ataipima gharama ya uamuzi huo vizuri kuliko mhakiki yeyote.

Neno la majira

Haiku ya asili hubeba neno moja linaloonyesha majira, *kigo*. Chura ni masika ya Kijapani, wakati baridi inaondoka. Mwezi ukitajwa peke yake ni mwezi wa majira ya majani kupukutika, na "maua" bila jina ni ya mcheri. Wajapani wana vitabu vizima vya maneno haya, *saijiki*. Wewe tengeneza wa kwenu: karatasi kubwa nne ukutani, masika, kiangazi, kipupwe, vuli, na kila mtoto alete maneno matatu. Kumbikumbi waende wapi? Embe bivu je? Upepo wa kusi? Watoto walio Oslo au Toronto waandike theluji na giza linaloingia mapema, kwa kuwa ndivyo wanavyoviona. Mcheri ambao mtoto hajawahi kuuona ukatazwe kwa upole.

Angalizo kwa anayetafsiri: majira ya tatu ya Kijapani, *aki*, vitabu vingi huyaita vuli. Kwa mtoto wa Tanga vuli ni mvua. Sema "majira ya majani kupukutika" na uendelee.

Daftari na matembezi

Msafiri wetu alibeba brashi na wino katika kibweta kidogo kilichochomekwa mkandani. Watoto wabebe penseli, maana wino wa kalamu hulowa. Daftari ni hili: chukua karatasi 5 za A4, zikate katikati upate vipande 10, vikunje pamoja katikati. Una kurasa 40. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mawili sentimita 3 kutoka kila mwisho. Ukikaribia mwisho zaidi, karatasi itachanika. Kata uzi wa sentimita 40. Ingiza sindano kutoka ndani kupitia tundu la katikati, rudi ndani kwa la juu, shuka ndani hadi la chini, toka nje, kisha rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi zipite pande mbili tofauti za uzi mrefu ulio ndani, ndipo ufunge fundo. Zikiwa upande mmoja, daftari litalegea siku ya pili.

Njia iwe ya kilomita moja, si zaidi, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita. Muda mzuri ni asubuhi au baada ya mvua. Weka vituo vitano: penye maji, penye mti, penye watu kazini, penye kitu kibovu, na kimoja ambacho watoto watachagua. Kila kituo dakika 5 za kimya, kisha dakika 3 za kuandika. Sharti la kuandika ni kwamba kila dondoo iwe na kitu kilichoonekana, kusikika, kunuswa au kuguswa hapo hapo, bila neno la hisia. "Nzuri" hairuhusiwi. Mashairi hayaandikwi njiani leo. Bashō aliwaambia wanafunzi wake wajifunze msonobari kwa msonobari na mwanzi kwa mwanzi, na dakika hizi tano ni kazi hiyo.

Dakika ya kwanza na ya pili watachekana. Ya tatu ndiyo yenye faida, kwa hiyo usikate muda kwa kuwahurumia.

Kikao cha tatu: kuandika

Kila mtoto achague dondoo mbili, moja ya kitu kilichotulia na moja ya jambo lililotokea, aziandike kwenye vipande viwili vya karatasi na kuviweka pamoja. Hesabu iingie sasa. Tuseme dondoo ni "mvua inanyesha na kuku wamejificha chini ya gari". Inanyesha ifutwe, kwani mvua haina kazi nyingine. Wamejificha ifutwe pia. Kuku ni wangapi? Gari likoje?

*Mvua ya vuli;*
*chini ya gari bovu*
*kuku watatu.*

Ilinganishe na hii, ambayo mizani yake imetimia pia: "Asante mvua, / umetupa neema, / tunafurahi." Hapo hamna kitu cha kutazama. Mshairi ameshatangulia kufurahi, msomaji hana la kufanya.

Shida kubwa ya Kiswahili ni vitenzi. "Wanapokimbilia" peke yake ni mizani 7, mstari mzima umekwisha. Dawa ni kupunguza vitenzi hadi kimoja, au kutobaki na hata kimoja kama kwa wale kuku. Tumia majina, idadi na mahali. Maneno ya kujazia kama "sana", "kweli" na "yule" yakionekana mwishoni mwa mstari, ujue mtoto alikuwa anatafuta mizani. Ni heri haiku ya mizani 16. Bashō mwenyewe alivuka: katika shairi la kunguru aliyetua kwenye tawi kavu jioni, mstari wa kati una mizani 9. Hata viroboto wetu wa hapo juu wana mizani 6.

Kikao cha nne: baraza la haiku

Wajapani huliita *kukai*, na utaratibu wake ni wa haki kuliko mashindano yetu mengi. Kata karatasi 9 za A4 kwa urefu, kila moja vipande vitatu, upate vipande 27. Kila mtoto kati ya 12 aandike haiku mbili, moja kwa kila kipande, bila jina. Mwalimu naye aandike. Changanya vipande, vigawe upya, na kila mmoja anakili alivyopewa kwenye karatasi kubwa zenye namba, ili mwandiko usimtaje mwenyewe. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na wakiiruka watoto humchagua rafiki badala ya shairi.

Kisha kila mtoto achague tatu, zisiwe zake, na kuzisoma kwa sauti akisema ni neno lipi lililomshika. Baada ya mazungumzo, si kabla, mwandishi ataje jina lake. Shairi lisilochaguliwa halitajiwi mwandishi. Anayelia mwaka mzima kwamba hajui kuandika hulindwa na kanuni hiyo.

Muda ukibaki, mchukue mshindi, mtoto mwingine amwongezee mistari miwili ya 7-7, wa tatu arudi kwa 5-7-5, mpaka beti sita. Kila beti iitikie ile iliyotangulia tu na kuisahau ya nyuma yake. Watataka kusimulia hadithi moja, nawe utawakataza.

Wiki moja baadaye

Rudisha madaftari na uwasomee habari ya Mto Mogami. Huko Ōishida, katika nyumba ya mwenyeji mtoni, Bashō alisema kwamba Mogami umekusanya mvua zote za mwezi wa tano, nao ni mtulivu wa ubaridi, *suzushi*. Lilikuwa neno la adabu kwa mwenye nyumba. Baadaye alishuka mto huohuo kwa mashua, maji yamejaa, na katika kitabu neno hilo likawa *hayashi*, wenye kasi. Neno moja tu. Waeleze pia kwamba shajara ya Sora, iliyochapishwa 1943, inaonyesha usiku wa kwanza walilala Kasukabe, ilhali kitabu kinasema Sōka. Bashō aliendelea kukifanyia kazi kitabu hicho karibu miaka mitano, nacho kilichapwa 1702, miaka minane baada ya yeye kufa.

Halafu kila mtoto afungue haiku yake na abadilishe neno moja. Si mawili. Alifute kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na jipya aliandike juu yake.